Dawa za kichocho shuleni: kwa nini watoto walitapika?

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi ya kijijini, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka jana, siku ya kumeza dawa za kichocho na minyoo, watoto kumi na wawili walitapika na wawili wakaanguka. Kabla ya saa sita wazazi walishajaa uwanjani. Sasa wapo wanaosema dawa ni kali mno kwa watoto wetu, tena inapimwa kwa fimbo kama ubao wa fundi. Tuna wanafunzi 300 na mwaka huu zoezi linarudi. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, pole kwa kadhia hiyo. Kuna jambo hukuliandika: watoto walikuwa wamekula nini asubuhi ile? Vijiji vya mwaloni navifahamu. Mzazi anatoka alfajiri, mtoto anakuja shule bila kitu tumboni, anapanga foleni juani mpaka saa tano, halafu anapewa vidonge vikubwa na vichungu. Prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Ikikuta chakula, mwili huipokea vizuri zaidi na mtoto hasumbuki sana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama dawa ni kali, ulizia uji.

Kikombe cha robo lita kwa watoto 300 ni lita 75, na kilo nane hadi kumi za unga zinatosha kwa uji mwepesi. Peleka hesabu hiyo kwenye kamati ya shule mapema, kabla tarehe haijapangwa. Kama shule inapika makande mchana, sogeza zoezi liwe baada ya chakula. Hakuna mwongozo unaolazimisha saa tatu asubuhi. Saa tatu ni haraka zetu sisi tunaotoka wilayani, tunaotaka kumaliza shule tatu kwa siku.

Sababu ya pili ni minyoo yenyewe. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimetawala huko ziwani, minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Dawa huikakamaza minyoo na kuharibu ngozi yake, na inapokufa mwili hushtuka: tumbo linanyonga, wengine wanaharisha. Aliyebeba minyoo mingi ndiye huumwa zaidi. Mtoto aliyelala chini ya mwembe akijishika tumbo huenda ndiye aliyeihitaji dawa kuliko wenzake wote. Mzazi akielezwa hivyo wiki moja kabla, anakuelewa. Akielezwa wakati mwanawe anatapika, anaona unajitetea. Mwaka 2008 mkoani Morogoro zoezi kama hili lilizua uvumi na vurugu mashuleni.

Sasa fimbo ya kupimia urefu wa mtoto. Kipimo kinachotakiwa ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kidonge kina miligramu 600. Mizani huharibika, na kumpima kila mtoto kunachosha, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likakubali urefu utumike badala ya uzito. Mtoto wa sentimita 130 anapata vidonge viwili, yaani miligramu 1200. Akiwa na kilo 28 amepata kama 43 kwa kilo. Hofu ya wazazi ni kwa mtoto aliyekonda, basi tumpigie hesabu huyo: urefu uleule, kilo 22 tu, anapata kama 55. Bado yuko ndani ya kiwango salama, ambacho ni 30 hadi 60. Fanya hesabu hii ubaoni siku ya mkutano, wazazi wakiona. Na fimbo isimame chini kabisa, siyo juu ya tofali, na mtoto avue viatu.

Wapo wa kuwaweka kando siku hiyo: mwenye homa au anayeumwa, aliyewahi kudhurika na dawa hizi, na mwenye kifafa au degedege. Huyu wa mwisho ndiye husahaulika. Penye nguruwe wanaozurura, kifafa kinaweza kuwa kimetokana na mabuu ya tegu kwenye ubongo, na prazikwanteli au albendazo, ile dawa ya minyoo, inaweza kuamsha degedege. Mwandikie aende kituo cha afya, asimezeshwe shuleni.

Anayelia au kukataa usimbane pua. Kidonge kinaweza kumpalia, na watoto wamewahi kufa hivyo. Albendazo inatafunwa, lakini prazikwanteli ivunjwe vipande na imezwe kwa maji mengi, maana akiitafuna tu ataitema.

Mpangilio nao una kazi yake. Wamezee darasani, kundi kwa kundi, na anayejisikia vibaya apumzike chumba kingine. Niliwahi kuona mmoja akitapika mbele ya foleni, na ndani ya robo saa wenzake saba wakashika matumbo, wawili kati yao hawajafikiwa na dawa! Chagua Jumanne au Jumatano, siyo Ijumaa, ili kesho yake uwaone wote. Wengi hutulia siku hiyohiyo. Atakayevimba uso, kupumua kwa shida au kutapika bila kukoma, usisubiri. Apelekwe zahanati, na usafiri uwe umepangwa tangu asubuhi, hata kama ni bodaboda ya mzazi mmoja wa kamati.