Re: Deraya ya stormtrooper imefika, vipande havifanani na hainitoshi. Nianzie wapi?

Mkuu, hongera kwa mzigo kufika salama. Kwa faida ya wanaopita tu: mleta mada yuko Manchester, amenunua vipande vya deraya nyeupe ya plastiki ya stormtrooper, yule askari wa filamu ya kwanza ya Star Wars, ile ya 1977. Amefungua boksi akakuta helmeti ina jicho moja limeshuka, mguu wa kushoto haufanani na wa kulia, na yeye mwenyewe ana mita 1.88 na kilo 98. Anauliza kama arudishe mzigo, kama supa gluu itafaa, na kama atakubaliwa na wale jamaa wa 501st Legion, kikundi cha mashabiki wanaovaa mavazi ya Star Wars.

Mimi pia niko huku Uingereza, navaa deraya ya filamu hiyo hiyo, na nimeshawasaidia watu wa kila umbo kuunga zao. Jibu langu ni refu, jipatie chai.

Usirudishe mzigo. Hiyo helmeti iliyopinda ndiyo sahihi. Vile vya kwenye filamu vilichongwa kwa mkono, kwenye udongo, na watu waliokuwa wanakimbizana na ratiba ya upigaji picha. Deraya ya mwili ilichongwa na Brian Muir, na plastiki za helmeti zilitengenezwa kwenye karakana ya Andrew Ainsworth kule Twickenham. Karatasi ya plastiki inapashwa moto mpaka ilegee, inatandazwa juu ya umbo, halafu hewa inavutwa kwa chini ili plastiki ishike kila mkunjo. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, na hakuna aliyekaa na rula kuhakikisha shavu la kushoto linalingana na la kulia, maana hizo zilikuwa nguo za watu wa kukimbia na kuanguka nyuma ya wahusika wakuu. Vifaa vizuri vya leo vinafuata maumbo ya vile vya zamani, kwa hiyo kasoro zake zimekuja nazo. Ukiona deraya iliyonyooka kama sabuni ya kipande, pande zote mbili pacha, hiyo ndiyo ya kutilia shaka.

Na hilo goti la kushoto lenye bamba kubwa lililojitokeza, ambalo kulia halipo, si kosa la muuzaji. Ndivyo lilivyo. Pakiti ya risasi inakaa paja la kulia peke yake. Riveti tatu za bamba la tumbo ziko upande wa kushoto tu. Kuna jamaa mmoja nilimkuta ameshaongeza riveti tatu za kulia "ili ipendeze". Ilipendeza kweli, na wakaguzi wa 501st wakamrudisha akazizibe.

Kabla hujagusa mkasi, chagua filamu moja na aina moja, ubaki hapo. Hata ndani ya filamu ya 1977 kuna helmeti za aina mbili: ya "stunt" ina vioo bapa vya kijani na meno manne yaliyotobolewa kila upande wa mdomo, ya "hero" ina vioo vilivyobinuka na meno matatu kila upande. Filamu zilizofuata zina tofauti zake nyingine. 501st wana maktaba ya picha na maelezo kwa kila vazi, wanaiita CRL. Chapisha ukurasa wa vazi lako, ubandike ukutani pale unapofanyia kazi. Picha za Pinterest achana nazo, nusu yake ni mavazi ya madukani.

Sasa tuje kwenye mwili, ambako ndiko kazi ilipo. Vijana waliovaa hizi nguo mwaka ule walikuwa wembamba. Wewe na mimi sio. Fundi nguo mzuri hakati kitambaa kabla hajakupima na kukupiga bandi, na hapa ni hivyo hivyo: vaa kwanza fulana nyeusi na suruali nyeusi utakazovaa ndani, na buti, halafu ufunge kila kitu mwilini kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Deraya nzima. Simama mbele ya mtu mwingine, si mbele ya kioo, maana ukijigeuza kujitazama mabamba yote yanahama.

Mambo ya kuangalia ukiwa umefungwa tepu: Bamba la kifua linatakiwa lishuke mpaka liguse au lipandie kidogo bamba la tumbo. Kwa urefu wako huenda likabaki wazi. Usihangaike kulirefusha, pandisha bamba la tumbo. Watu wengi wanavaa tumbo chini mno, kwa mazoea ya mkanda wa suruali. Lipandishe mpaka ukiinama kidogo uhisi linagusa mbavu, hapo ndipo mahali pake, na utaona miguu nayo imekuwa mirefu zaidi kwa macho.

Ubavuni, tumbo na mgongo wa chini havitakutana kwa kilo hizo. Kata vipande kutoka kwenye mabaki ya plastiki yako mwenyewe (usinunue nyeupe nyingine, weupe hautafanana), upachike ubavuni kuziba nafasi. Kuficha maungio, saga mabaki madogo uyaloweke kwenye asetoni usiku kucha ndani ya chupa ya kioo. Yanageuka uji mzito mweupe. Unapaka, unaacha ukauke kabisa, unapiga msasa wa maji kuanzia mkali mpaka laini, unamalizia na dawa ya kung'arisha rangi za magari. Ukifanya kwa subira hata mkaguzi mwenye tochi haoni. Fungua madirisha tu, asetoni si manukato.

Mapaja na miundi ndiyo yanayowatoa watu machozi. Kila kimoja ni nusu mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazokutana ukingo kwa ukingo, halafu juu ya mshono unabandika ukanda wa plastiki. Kwa vazi hili mikononi ukanda una upana wa milimita 15, mbele ya miguu 20, nyuma ya miguu 25. Uzuri wake ni kwamba ukanda unaficha siri: kama paja lako ni nene, nusu zile si lazima ziguse kabisa, unaweza kuacha upenyo wa milimita kadhaa chini ya ule wa nyuma. Kama paja ni jembamba, unapunguza, lakini punguza sawa kwa sawa pande zote mbili, la sivyo mshono utahama na kuelekea ubavuni. Muundi unafunguka nyuma ili mguu uingie, kwa hiyo ukanda wa nyuma unagundishwa upande mmoja tu, mwingine unashikwa na velkro.

Kipimo changu kwa miguu ni hiki. Ukiwa umefungwa tepu, panda ngazi tatu. Usitembee sebuleni ukaridhika, panda ngazi. Ukingo wa juu wa muundi utapiga nyuma ya goti, na ukingo wa chini wa paja utashuka kukutana nao, nyama ikiwa katikati. Utajua tu. Weka alama ya penseli pale panapouma, vua, kata kidogo kwa mkasi uliopinda (ule wa kukatia maganda ya magari ya kuchezea unafaa sana), viringisha ukingo kwa msasa, rudia. Nyuma ya goti unaweza kukata kwa uhuru kiasi, hakuna anayepaona. Mbele usiguse.

Kipande kikiwa kimefunguka mno au kimejikunja, maji ya moto yanatosha. Sufuria pana, maji yakaribie kuchemka, zamisha sehemu unayotaka tu, ikilegea ikunje taratibu na glavu mkononi, kisha ipeleke kwenye maji baridi huku bado umeishika. Kile kifaa cha kupuliza hewa moto kinafanya kazi hiyo pia, ila ABS, yaani plastiki ya deraya yako, inaanza kulegea karibu na nyuzi 100, na kifaa kile kinapita hapo mara nyingi ndani ya sekunde chache. Sekunde moja ya kuzubaa, bamba linatoa malengelenge.

Supa gluu hapana. Inashika kama chuma lakini ni kavu, na deraya inajipinda kila hatua, siku moja unasikia "ta!" katikati ya watu. Halafu ukitaka kubadilisha kipimo unavunja plastiki. Tunatumia gundi ya E6000. Inabaki na unyumbufu, na ukiamua kubandua unaivuta pole pole inaachia. Ubaya wake ni kusubiri, inachukua kati ya saa 24 na 72 kukomaa, na chumba kikiwa baridi kama vyumba vyetu vya huku mwezi wa kumi na moja, inazidi. Bana kwa sumaku ndogo zenye nguvu, moja ndani moja nje, usifungue kila saa kuchungulia. Nayo ina harufu kali isiyo na afya, kwa hiyo madirisha yale yale. Kama onyesho lako ni mwezi ujao, nakushauri uende kama mtazamaji.

Rangi nitapita haraka. Tunatumia za Humbrol, rangi za modeli: namba 14 kwa bluu, namba 5 kwa kijivu, na nyeusi. Ile mistari ya bluu iliyolala mashavuni kwa helmeti za 1977 ilipakwa kwa brashi na mkono wa mtu, si stika. Chora kwa penseli, paka kwa brashi nyembamba, na mkono ukitetemeka kidogo usifute. Iliyonyooka kupita kiasi inaonekana ni ya kiwandani.

Kuhusu 501st: kikundi kilianzishwa 1997 huko Marekani na Albin Johnson, sasa kina matawi nchi nyingi, na huku kwetu ni UK Garrison. Lazima uwe na miaka 18 na vazi liwe lako. Hawakuuzii vazi, na hulipwi kwa kutokea, hela inaenda kwenye misaada. Wanakagua kwa picha. Uzito wako hautazamwi, vazi ndilo linatazamwa, na nimeona wanene kuliko mimi waliopita mara ya kwanza kwa sababu mabamba yao yamekaa mahali pake.

Ukishapita, usitoke peke yako. Ndani ya helmeti huoni miguu yako wala mtoto aliyesimama chini ya kidevu, kukaa huwezi, na vioo vinapata ukungu usipoweka feni ndogo. Mke wangu ndiye anayenishika mkono kwenye ngazi na kuwaambia watu "subirini kidogo", na anasema wanamtii yeye kuliko mimi mwenye bunduki.

Kwa sasa funga tepu, piga picha nne (mbele, nyuma, ubavu na ubavu, mikono ikiwa imelegea), uziweke hapa kwenye uzi kabla hujafungua hata tyubu moja ya gundi. Nitakuonyesha pa kukata.