Shanta ya Kamera: Pima Mgongo Kwanza

SWALI: Ndugu mhariri, ninapenda kupiga picha za ndege na mandhari, na mara nyingi hutembea kwa miguu saa nne au tano kabla sijafika ninakokwenda. Nina kamera moja, lenzi fupi mbili, lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200 na stendi ya miguu mitatu. Begi langu la sasa huning'inia bega moja, na ikifika jioni bega hilo huuma hata kuinua mkono ni taabu. Je, ninunue shanta iliyotengenezwa mahususi kwa kamera, au ya kawaida ya wapanda milima itanifaa?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa maumivu. Wengi wetu huingia dukani tukiwaza namna lenzi zitakavyoenea ndani ya begi, tukasahau mgongo utakaolibeba. Anza na mgongo. Inamisha kichwa, kisha upapase pale shingo inapokutana na mabega. Utagusa pingili moja iliyotokeza kuliko nyingine. Halafu shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nyuma, juu ya mifupa ya nyonga. Umbali kutoka pingili ile hadi usawa wa vidole gumba ndio urefu wa mgongo wako, na shanta huchaguliwa kwa kipimo hicho, si kwa kimo, kwa maana watu wawili wanaolingana kwa kimo huweza kuwa na migongo isiyolingana.

Shanta ikikuenea, mkanda wake wa kiuno hukaa juu ya mifupa ya nyonga, na sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na nyonga na miguu badala ya mabega. Mkanda mwembamba usio na sponji hauwezi kazi hiyo. Huo huzuia tu shanta isichezecheze.

Kwa mwendo wa saa tano, mimi ningechagua shanta ya wapanda milima ya lita 30 hadi 40, kisha nikatia ndani yake kisanduku laini cha sponji chenye vigawanyo vya kamera na lenzi. Nyingi kati ya shanta za kamera hujaa sponji kila upande, zenyewe zikawa nzito hata kabla hujatia kitu, na nafasi ya maji, chakula na koti ikawa finyu. Kumbuka kwamba kila lita ya maji ni kilo moja, na lenzi kama yako, ikiwa ni ya uwazi mkubwa wa kupitisha mwanga, yaani f/2.8, huweza kukaribia kilo moja na nusu.

Hata hivyo, usinunue inayofunguka juu peke yake, kwani ndege hatakungoja ufukue koti na chakula ndipo uifikie kamera. Tafuta yenye zipu upande unaogusa mgongo. Ukiilaza kwenye tope, upande wa nje ndio unaochafuka, huku mikanda ikibaki juu, mikavu, nawe huivai tena ikiwa na matope.

Lenzi ndefu ikae katikati, karibu na uti wa mgongo, kwa sababu kitu kizito kilicho mbali na mwili hukuvuta nyuma. Stendi ifunge ubavuni, na chupa ya maji iwe ubavu wa pili.

Kuhusu mvua, usitegemee kifuniko cha nje peke yake. Niliwahi kutembea asubuhi nzima mvuani nikiwa nimekivalisha vizuri, lakini maji yalichuruzika mgongoni mwangu, yakatuama chini ndani ya kifuniko kama ndani ya bakuli, na sponji ya chini ikalowa chepechepe. Tangu siku hiyo kamera yangu hukaa ndani ya mfuko usiopitisha maji, unaokunjwa mdomo mara tatu, nao huingia ndani ya shanta. Ukirudi nyumbani, toa kila kitu na uanike sponji, kwa maana unyevu huotesha kuvu kwenye vioo vya lenzi, na kuvu iliyokwisha kuota ndani ni shida kuiondoa.

Kabla ya kulipa, omba uijaribu shanta ikiwa na vifaa vyako vyote pamoja na maji. Funga mkanda wa kiuno kwanza, kisha ya mabega, utembee dakika 15 na kupanda ngazi. Bega likianza kulalamika humo dukani, iache, hata kama kila lenzi imepata mahali pake.