Uliza Ujibiwe: Simba anayekula bila kuhama

SWALI: Mhariri shkamoo. Kuna jamaa hapa kijiweni anadai Wajapani wana chesi ambayo kete moja inakula mbili kwa zamu moja halafu inarudi ilipokuwa. Mi drafti nimecheza miaka, kula mfululizo naijua, ila hiyo ya kurudi nikambishia, tumewekeana soda. Nani ananunua? (Mzee wa Kijiwe, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kila mtu anunue yake, maana jamaa kachanganya vitu viwili. Kete yenyewe ni Simba wa chu shogi, mchezo wa tangu karne ya 14 hivi, ubao vyumba 12 kwa 12, kila mtu kete 46. Simba anapiga hatua mbili kwa zamu, kila hatua kama ya mfalme, na ya pili anageukia anakotaka. Kwa hiyo anaweza kula wa mbele kisha wa pembeni yake akabaki huko huko, au akala mmoja tu akarudi kwake, na hii ya pili Wajapani wanaiita igui, yaani kula ukiwa umekaa hapo hapo (kumbe nao kete "wanakula" kama sisi!). Wewe uliyeliwa unaona tu kete yako haipo na Simba hajahama. Tena kukiwa na chumba kitupu jirani anaweza kwenda na kurudi bila kula kitu, zamu imepita hivyo, kwenye chesi ya kawaida hiyo hamna.

Ila Simba kwa Simba ndo kuna masharti. Wakigusana, kula tu. Akiwa chumba cha pili na ana mlinzi, huruhusiwi, labda uwe umekula na kete nyingine hapo njiani, na isiwe askari wala kale kadogo kanakokaa mbele ya askari. Bila hivyo watu wangebadilishana Simba mapema tu na utamu wote ungeisha.

SWALI: Na tembo mlevi je, ni utani? (Dada wa Morogoro)

JIBU: Yupo kweli, jirani wa mfalme kwenye ubao huohuo. Anaenda hatua moja kokote isipokuwa nyuma moja kwa moja, si unajua tena, tembo kanywa tembo. Akiingia safu nne za adui anaweza kupanda cheo akawa mwana wa mfalme, na hapo hata ukimla mfalme mwenyewe mechi inaendelea mpaka umle na mtoto.