Maswali ya Wasomaji: Fremu 240 Zimepotelea Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninarekodi video za vijana wanaoteleza baharini kwa kuvutwa na vishada pale Paje, Unguja, kwa kamera ndogo ya GoPro niliyoiweka kwenye fremu 240, yaani picha 240, kwa sekunde. Kwa kuwa klipu ni nzito, huzikata kwanza kwa programu ya simu na kuzihifadhi, kisha huzihamishia kwenye kompyuta ili nizifanye slomo, yaani video ya mwendo wa polepole. Slomo inayotoka inarukaruka, wala si laini kama za wenzangu. Je, kamera ni mbovu au kompyuta ndiyo dhaifu? — Msomaji, Paje.

JIBU: Ndugu msomaji, kamera yako ni nzima, na kompyuta yako inasingiziwa. Fremu zako zimepotea kwenye simu. Programu nyingi za simu, usipozielekeza vinginevyo, huhifadhi video kwa fremu 30 kwa sekunde, na ili klipu ya fremu 240 iendelee kwenda kwa mwendo wa kawaida, programu huchukua fremu moja na kuziacha saba zinazofuata. Klipu inapofika kwenye kompyuta, zile saba hazimo tena, na ukipunguza kasi mara nane, programu haina la kufanya ila kuirudia kila fremu mara nane.

Unaweza kulihakiki jambo hili kwa macho yako. Tafuta mahali ambapo ubao unapasua wimbi, chagua tone moja la maji lililoruka kutoka kwenye ncha ya ubao, kisha usogeze video fremu moja moja kwa kitufe cha mshale. Tone likisogea kidogo kila unapobonyeza, fremu ni halisi. Likiganda kwa mibonyezo kadhaa kisha likaruka ghafla hadi mahali pengine, fremu zimerudiwa. Fanya hivyo kwa faili iliyotoka kwenye simu na kwa ile iliyomo bado kwenye kadi ya kamera, nawe utaona tofauti mara moja. Ninakuomba sana usiifute kadi hiyo kabla ya kuhamisha faili asilia moja kwa moja kwenye diski ya kompyuta.

Ukishakuwa na faili asilia, amua kwanza video ya mwisho itakuwa ya fremu ngapi, kisha uipe kasi hiyo taimulaini, yaani ule ukanda unaopanga klipu juu yake, kabla hujaweka klipu hata moja. Katika DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video ambayo toleo lake la bure linawatosha wahariri wengi, uamuzi huu haubadilishwi tena baada ya klipu kuwekwa. Kwa taimulaini ya fremu 30, klipu yako ishushwe hadi asilimia 12.5 ya kasi yake, kwa sababu 240 ukiigawa kwa 8 unapata 30 kamili, na sekunde 10 za kuruka angani zinakuwa sekunde 80. Wengi huandika asilimia 10 kwa kuwa ni namba rahisi kukumbuka, lakini hapo fremu 24 zinatakiwa kujaza nafasi 30, hivyo fremu moja katika kila nne huonekana mara mbili, na jicho hulihisi kwikwi hilo hata kama mtazamaji hawezi kulieleza. Asilimia 25 na 50 nazo hugawanyika vizuri. Usikimbilie chaguo la kuiachia programu ibuni fremu za katikati: kamba nyembamba za kishada na manyunyu ya maji ndivyo vitu vinavyoishinda zaidi, na utaona kamba zikipinda na kuyeyuka.

Kama video inakwama unapoitazama wakati wa kuhariri tu, hilo ni tatizo jingine, nalo dawa yake ni kuiambia programu itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi, huku faili asilia zikitumika katika kutoa video ya mwisho.

SWALI: Nimerekodi mpira wa kikapu ndani ya ukumbi kwa fremu 240, na katika slomo taa zinapepesa ilhali ukumbini zilitulia. Nifanyeje? — Msomaji, Nairobi.

JIBU: Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko huifikisha taa kileleni mara mbili, kwa hiyo taa nyingi hupanda na kushuka mwanga mara 100 kila sekunde, jicho halioni, lakini kamera ya fremu 240 huikuta taa ikiwa na mwanga tofauti fremu hadi fremu. Katika kuhariri unaweza kuchanganya fremu zinazofuatana ili kupunguza mpepeso, ila mpira na mikono vitakuwa na ukungu, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko faida. Mechi ijayo, nenda kwenye mipangilio ya kamera, uchague hezi 50, urekodi kwa fremu 100 ili kila fremu iikute taa ikiwa na mwanga uleule, kisha uhariri kwenye taimulaini ya fremu 25 kwa asilimia 25. Slomo ya mara nne inatosha kabisa kumwonyesha mchezaji akiinuka na mpira kuacha vidole vyake.