Kabla hujamwachia bibi mtoto, kaa naye siku nzima

Asubuhi vidonge vilikuwa vinne kwenye kile kibahasha cha plastiki tunachopewa hospitalini. Jioni vilikuwa viwili. Mama yangu alivihesabu mara tatu, akakung'uta shuka, akapiga magoti kwa shida na kuchungulia uvunguni. Kisha akamtazama mjukuu wake wa miaka miwili, aliyekuwa amelala mkekani saa kumi na moja, saa ambayo mtoto yule hajawahi kulala tangu azaliwe. Shati lilikuwa limelowa jasho mpaka mgongoni.

Hayo yalitokea nyumbani kwa wazazi wangu Tororo, mwaka 2020. Mimi nilikuwa Kampala, sina habari.

Nina duka la vitenge Kikuubo, pale kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 20 mwaka ule, niliwafungasha watoto wangu wawili, mmoja wa miaka sita na huyo mdogo, nikawapeleka kwa bibi na babu yao. Nilisema ni mwezi mmoja tu. Siku chache baadaye usafiri wa umma ukasimamishwa nchi nzima, na sisi wa wilaya za mpakani tukakawia kufunguliwa kuliko wengine kwa sababu ya malori yanayoingia kutoka Kenya kupitia Malaba. Shule zenyewe hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mama alizaa watoto saba, akalea na wengine watano wa dada zake waliofariki miaka ya tisini, wakati ule UKIMWI ulipokuwa ukiondoka na akina baba na akina mama na kuwaachia wazee vitoto vichanga. Wengi wa rika langu hapa Uganda tumelelewa hivyo, au tumelala kitanda kimoja na binamu waliolelewa hivyo. Ndiyo maana kwetu mtu haulizi kama bibi ataweza. Ukiuliza, unaonekana huna adabu. Lakini mama aliyelea watoto wale alikuwa na miaka arobaini. Niliyempelekea wangu alikuwa na miaka 68, ana presha, ana sukari, na goti la kushoto halikunji. Mapenzi yalikuwa yale yale. Mwili haukuwa ule.

Vile vidonge vilikuwa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Wenye wazee wa sukari nyumbani, naomba msome hapa polepole. Kidonge kimoja tu cha aina hiyo kinaweza kumshusha mtoto mdogo sukari hadi akapoteza fahamu na kufa, na athari yake inaweza kuchelewa saa kadhaa. Mtoto anaweza kuwa anacheza, ukasema hakumeza kitu, kumbe saa yake haijafika. Hata baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, kidonge kimoja au viwili ni hatari kwa mtoto wa umri huo. Usisubiri uone dalili. Ukishuku tu, mpeleke hospitali, na ubebe kibahasha chenyewe ili wajue ni dawa gani.

Mama alifanya hivyo hivyo, Mungu amlipe. Boda zilikuwa zimekatazwa kubeba abiria, lakini jirani aliwasha pikipiki, akasema akisimamishwa atajieleza huko huko njiani. Mtoto akawekewa maji ya sukari kwenye mshipa, akalazwa usiku kucha huku wanampima mara kwa mara. Asubuhi aliomba chapati.

Mimi nilijua baada ya wiki tatu. Yule mkubwa ndiye aliyeropoka kwenye simu kwamba mdogo wake alilala hospitali akachomwa sindano mkononi. Nikaomba nipewe bibi. Simu ikakaa kimya muda mrefu, nasikia kuku tu. Halafu mama akasema, "Mwanangu, niliogopa utawachukua. Ukiwachukua, mimi nabaki na nini hapa?"

Nilimfokea. Ninajuta mpaka leo, kwa sababu nilithibitisha kile kile alichokuwa akikiogopa. Vidonge vilinitisha, lakini kilichoninyima usingizi miezi iliyofuata ni zile wiki tatu. Nilijiuliza ni mangapi mengine yamefichwa. Na nikaelewa kwamba nilikuwa nimemwamini mama kwa namna ambayo haikumpa nafasi ya kusema "leo nimeshindwa". Nilimpa watoto kama mtu anayekabidhi mzigo stendi: shika, kwaheri, tutaonana. Yeye naye akaona akikiri tatizo moja, amepoteza cheo chake cha ubibi.

Njia zilipofunguliwa nilikwenda. Safari hii sikwenda na mikate na sukari na kurudi kesho yake. Niliketi mkekani chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka usiku, nikajizuia kusaidia kitu chochote. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote, maana sisi mabinti tukifika kwa mama tunashika ufagio na sufuria, tunamaliza kazi zote, tunaondoka tumeona nyumba nzuri. Tunachokuwa tumekiona ni kazi yetu wenyewe.

Saa nne asubuhi mtoto aliacha kuchezea vifuniko vya soda, akainuka, akaenda zake upande wa lango. Nyumba yetu haiko mbali na barabara ya Malaba, na malori ya saruji hayapunguzi mwendo. Mama alimwona. Akaita jina lake. Akaweka kisu chini, akashika kigogo, akasukuma mwili juu, akasimama kidogo ili goti likubali, ndipo akaanza kutembea. Mtoto alikuwa ameshafika langoni. Nilihesabu: tangu aite mpaka amshike, ilipita karibu dakika nzima. Na babu yake alikuwa amekaa hapo hapo langoni, kwenye kiti chake cha kila siku. Wote pale nyumbani tuliamini kwamba mzee analinda lango. Baba yangu ni askari polisi mstaafu, anakaa kiaskari, mgongo umenyooka. Siku ile nilimwuliza kwa upole, "Baba, hukumwona mtoto akipita?" Akajibu, "Niliona kitu kinapita, nikadhani ni mbuzi."

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: kaa siku nzima, tazama, usisaidie. Swali la kama wanawapenda wajukuu liache, jibu unalo. Jiulize kazi unayowapa inataka miguu kiasi gani, macho kiasi gani na kumbukumbu kiasi gani, na ni vipi kati ya hivyo bado wanavyo. Mtoto wa miezi minne anachosha mikono na usiku anavunja usingizi, lakini ukimlaza hapa unamkuta hapa. Wa miaka saba anakimbia, lakini anasikia neno na anaweza kutumwa amwite jirani. Huyu wa katikati, tangu aanze kutembea mpaka miaka mitatu hivi, ana mbio na hana akili ya hatari. Huyo ndiye anayewashinda wazee wenye magoti mabovu, na ndiye tunayempeleka kijijini kwa wingi kwa sababu ameshaacha kunyonya.

Kumbukumbu inahitaji jicho la peke yake. Bibi kumwita mjukuu kwa majina ya wajomba watatu kabla hajalipata lake, huo ni uzee wa kawaida, usimtie mtu hofu. Lakini akisahau sufuria ikaungua mara mbili ndani ya wiki moja, akipotea njia ya sokoni aliyoipita miaka thelathini, akimpa mtoto dawa ile ile mara mbili kwa kusahau kwamba ameshampa, huo ni ugonjwa na unahitaji daktari. Watu watakwambia ni uzee tu, wengine watakwambia amerogwa. Usisikilize. Na mzee wa hali hiyo mtoto asiachwe naye peke yake hata saa moja, ingawa wanaweza kukaa pamoja kwa furaha mkiwepo watu wengine.

Vitu vya nyumbani tulivirekebisha siku mbili tu. Vidonge viliingia kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, likawekwa juu ya kabati. Zamani mama alivifunga kwenye pindo la leso, na mtoto ndilo pindo analolivuta kila siku. Mafuta ya taa yalikuwa kwenye chupa ya soda. Tuliyatoa humo siku hiyo hiyo, na nikamweleza mama kwamba mtoto akiyanywa asitapishwe, kwa kuwa akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali tu. Sigiri, jiko letu la makaa, tuliinyanyua juu ya matofali. Akiungua, maji safi ya baridi yamwagwe juu ya jeraha kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala unga. Beseni la kufulia limwagwe mara kazi inapokwisha, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana akianguka kifudifudi. Na lango likapata komeo la juu.

Kuna jambo jingine lazima lizungumzwe mapema, hata kama mnaoneana aibu. Mtoto akipata homa na kuhara, wazee wengi hapa Uganda bado watasema ana meno ya uongo, yale yanayoitwa ebinyo, na kuna watu wa kuyang'oa kwa chuma au spoki ya baiskeli. Kinachong'olewa ni vijino halisi vilivyo bado ndani ya fizi, na watoto wanapata maambukizi, wanatoka damu, wengine wanakufa. Nilimwambia mama waziwazi: mtoto wangu asiguswe fizi. Homa ipimwe malaria siku hiyo hiyo, kwa mtu wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, au kituo cha afya. Kuhara ni ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki. Alinyamaza, kisha akaniambia kwamba mmoja wa wale watoto watano wa dada zake aling'olewa, na hakupona. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia jambo hilo.

Namna ya kuzungumza nao ndiyo inayoharibu au kujenga. Usianzie kwa mtoto, wala usianzie kwa kosa. Mimi nilianzia kwa goti. Nikauliza linauma saa ngapi, nani anamchotea maji, lini alipimwa presha. Baba nilimpeleka kwa madaktari wa macho hapo hapo Tororo, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, baadaye la pili. Operesheni ya mtoto wa jicho ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Aliporudi kwenye kiti chake, siku ya tatu alianza kulalamika kwamba uzio umechakaa na hakuna aliyemwambia.

Halafu nilitafuta miguu. Mjane wa jirani, mwanamke wa makamo, akakubali kuja tangu asubuhi mpaka saa kumi. Hapa wengi wanakosea: wanaajiri mtu na kumwambia "uwaangalie watoto, mama amezeeka," naye bibi anasikia. Mimi nilimwacha mama amchague mwenyewe, amwelekeze mwenyewe, na malipo yapitie mkononi mwake. Kwa hiyo bibi ndiye mwenye nyumba na yule dada ni wa kukimbia. Wala usitafute kisichana cha miaka kumi na miwili kikose shule ili mtoto wako alindwe.

Na pesa, jamani. Tunawaachia wazee watoto wawili, watatu, halafu tunatuma kitu mwisho wa mwezi tukikumbuka. Ile ruzuku ya serikali ya wazee wakati ule ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa sehemu kubwa ya nchi ilianzia miaka 80. Mama hakuwa nayo. Nilikuja kugundua kwamba alikuwa akiruka siku za dawa yake ili mtoto anywe maziwa. Siku hizi natuma kila Jumatatu kwa simu, na hela ya dawa zake naitenga, tena namwambia wazi kwamba hii si ya watoto.

La mwisho tulikubaliana mimi na yeye, tukiwa tumekaa wawili jikoni. Nilimwomba radhi kwa ile siku ya simu. Nikamwambia akinipigia kusema kuna jambo limeharibika, nitasema kwanza "asante mama kwa kuniambia," hata kama moyo unawaka. Na akisema amechoka, nitakuja, bila kuuliza kwa nini, na wajukuu watarudi kwake goti likipoa. Hakujibu. Aliendelea kuchambua mchele. Lakini niliona amenielewa, kwa sababu aliniuliza kama bado natumia laini ile ile ya simu.

Nina mwingine sasa, wa miaka mitatu, naye likizo hii nilimpeleka. Jumatano iliyopita, saa saba mchana, mama akapiga. Alinisalimia, akauliza biashara, akauliza mvua ya Kampala. Kisha akasema, "Huyu wa safari hii ana mbio, na goti limevimba. Njoo umchukue wiki hii, utanirudishia Disemba." Nikasema asante mama kwa kuniambia. Nilifunga duka saa nane, nikapanda taksi ya Tororo.