Akinyamaza, mimi huona ameshaniacha: Mama Mnasihi anajibu wasomaji

*Shikamoo Mama. Nimeolewa, huu ni mwaka wa tano. Mume wangu hanywi, hanipigi, wala nyumbani hatupungukiwi na kitu. Shida huanza tukikorofishana. Yeye hunyamaza, huchukua simu yake na kwenda chumba kingine, na mimi papo hapo kifua kinanibana. Namfuata, namuuliza swali lile lile mpaka anachoka. Akiwa kazini asipojibu meseji nampigia mfululizo, na akipokea nagundua sina la maana la kumwambia. Majuzi nilimwambia naondoka, nikaanza kupanga nguo kwenye begi, akanitazama tu. Nimefanya jaribio moja mtandaoni likasema mimi ni "mwenye wasiwasi" na yeye ni "mkwepaji", na watu wa aina hizi mbili hawadumu. Je, tuachane mapema kabla hatujapata watoto?*
*Mwenye Moyo Mzito*

Marahaba, mwanangu. Rudisha nguo kabatini kwanza.

Kabla ya hilo jaribio, tuliangalie begi. Ulilipanga huku hutaki kwenda popote. Ulikuwa unamwambia "nizuie", ila maneno yalipokataa kutoka, mikono ikasema kwa niaba yako. Ninaokaa nao katika unasihi hufanya hayo kwa namna nyingi: huyu humtaja mpenzi wa zamani ili mwenzake aone wivu, yule hususa chakula, mwingine huandika meseji ndefu ya kuagana kisha akakesha akisubiri tiki za bluu. Kwa nje inaonekana vitimbi. Kwa ndani ni kilio cha kupinga kuachwa, kile kile anachokilia mtoto wa mwaka mmoja akiona mlango unafungwa na mama yuko upande wa pili.

Aliyetufungua macho juu ya kilio hicho ni daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, ambaye kitabu chake cha kwanza kati ya vitatu juu ya mfungamano, yaani kifungo cha moyo kati ya mtoto na anayemlea, kilitoka mwaka 1969. Wakati wake wengi waliamini mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa, na kumbeba kila akilia ni kumdekeza. Bowlby alikataa. Alisema mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na haja ya kuwa karibu na mtu wa kumlinda, haja inayosimama yenyewe, kwa kuwa asiyelindwa hakupona. Ndiyo maana umbali humtisha hata akiwa ameshiba. Haja hiyo haiishi tukikua. Tunaihamishia kwa mwenzi, na mwenzi akinyamaza, mwili hupiga kengele kabla akili haijauliza kuna nini.

Mwenzake Bowlby, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, alifika Uganda mwaka 1954 na kuwafuatilia akina mama 26 na watoto wao majumbani mwao, akiangalia nani anamkimbilia nani na lini. Baadaye, Baltimore nchini Marekani, alibuni jaribio fupi: mama na mtoto wa mwaka mmoja hivi wanaingizwa chumba kigeni chenye vichezeo, mama anatoka kwa dakika zisizozidi tatu, anarudi, anatoka tena, anarudi. Watu hudhani kinachopimwa ni kilio mama anapotoka. La, kinachotazamwa zaidi ni anaporudi. Watoto wengi walimkimbilia, wakabembelezwa, wakatulia, wakarudi kucheza; hao ndio wenye mfungamano salama. Wengine walimganda mama huku wanamsukuma na kumpiga mateke, hawatulizwi. Na wapo ambao hawakumtazama hata usoni. Waliendelea na vichezeo vyao kana kwamba aliyeingia ni mgeni.

Hawa wa mwisho, wanaoitwa wakwepaji, nataka uwaangalie sana, kwa sababu huenda hapo ndipo mume wako alipo. Mwaka 1977 watafiti Alan Sroufe na Everett Waters waliandika juu ya mapigo ya moyo ya watoto waliopitia utengano wa namna hii. Mapigo ya wale waliojifanya hawajali nayo yalipanda. Uso umetulia, mkono unasukuma kigari, na moyo unakwenda mbio. Mtoto huyo amejifunza kwamba akionyesha shida yake anasukumwa mbali zaidi, basi anaificha ili asifukuzwe.

Kwa hiyo mume wako anapokutazama ukipanga nguo bila kusema neno, usiape kwamba hajali. Sijamwona, siwezi kumsemea. Lakini wanaume na wanawake wa namna yake, wakishakaa kwangu vya kutosha hadi wakaacha kutazama saa, huniambia jambo linalofanana: "Najua lolote nitakalosema litaharibu, bora nikae kimya." Ananyamaza ili asikupoteze, wewe unaona kimya kama kukupoteza, unamfuata, yeye anaona kweli amezingirwa, anafunga mlango wa pili. Kila mmoja anampa mwenzake ushahidi wa lile analoliogopa tangu utotoni.

Sasa hilo jaribio la mtandaoni. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha utafiti ambao sehemu yake ilikuwa dodoso la mapenzi lililotolewa katika gazeti la Denver. Zaidi ya nusu ya waliojibu walichagua maelezo ya mfungamano salama, kama robo wakajiona wakwepaji, na kama mtu mmoja kati ya watano akajiona mwenye wasiwasi. Mpo wengi, basi. Ila waliokuja baada yao wameonyesha kwamba hivi ni vipimo vyenye zaidi na pungufu, na watu wengi wako mahali fulani katikati. Mtu anaweza kuwa mtulivu kwa rafiki zake na mwenye hofu kwa mkewe. Na anaweza kubadilika akiwa na mwenzi asiyemtisha. Mimi sipendi kuona mtu akivaa jina hili kama kabila alilozaliwa nalo, na nachukia zaidi likitumiwa kumvunjia mtu ndoa. Wawili wenu mnaumizana kwa mtindo unaojulikana, na unaojulikana una pa kuushika.

Pa kuushika ni hapa. Siku mkiwa mmetulia, hakuna ugomvi, mwambie: "Ukinyamaza bila kuniambia utarudi lini, mimi huona umeniacha. Ukihitaji kimya chukua, ila niambie saa." Yeye aseme, "Nipe saa moja, nitarudi tuongee," na saa moja ikifika arudi hata kama hana jibu zuri. Kurudi ndiko kunakoufundisha mwili wako, kuliko ahadi zote. Nawe ndani ya saa hiyo usimfuate wala usimpigie. Itakuuma, hasa mara za mwanzo. Tembea, fua, mpigie dada yako mzungumze mambo mengine kabisa. Akirudi usianze na "umechelewa". Anza na la hofu: "Niliogopa." Neno hilo hufungua watu ambao lawama huwafunga.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Umeandika hakupigi, nami nakuamini. Lakini msomaji mwingine ambaye mwenzi wake humpiga, humtisha au humnyima pesa ili amkomeshe, hofu yake haihitaji kutulizwa kwa mbinu hizi. Hofu hiyo inamwambia kweli. Atafute usalama na watu wa kumsaidia kwanza.

*Mama, kazi yangu hunitoa nyumbani wiki tatu au nne kwa mpigo. Mwanetu ana mwaka mmoja na miezi mitatu. Safari hii niliporudi aligeuza uso, akamkimbilia dada anayemlea. Kesho yake akaniganda, hata bafuni hakutaka niingie peke yangu. Nimemharibu mtoto?*
*Baba wa Safari*

Hapana, baba. Umeona mtoto aliyekukumbuka na aliyekasirika kwamba ulikwenda.

Katika miaka ya 1950 James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, alirekodi watoto wadogo waliolazwa hospitalini enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra. Aliona hatua tatu: mtoto hupinga kwa kilio, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga, na mzazi akija humtazama kama asiyemfahamu. Wauguzi wa siku hizo waliifurahia hatua ya tatu, wakisema mtoto amezoea. Hakuwa amezoea. Ila hali ya mwanao ni nyepesi mno kuliko ya wale, kwa sababu yeye hakubaki na wageni. Alibaki nyumbani kwake, na mama yake, na dada anayemjua. Rudolph Schaffer na Peggy Emerson waliwafuatilia watoto 60 wa Glasgow, wakachapisha matokeo mwaka 1964: kufikia miezi 18 wengi wao walikuwa wamefungamana na zaidi ya mtu mmoja, na aliyependwa zaidi hakuwa lazima yule anayewalisha. Walimpenda zaidi yule aliyewaitikia. Kwa hiyo usimwonee wivu dada, na tafadhali msimbadilishe bila sababu, kwani kwa mtoto huyo naye ni mtu wa kumpoteza.

Umri wake ndio umri wenyewe wa kulilia utengano. Hofu hii huanza katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza na huwa kali hapo alipo. Ukiondoka, muage. Usitoroke akiwa amelala, maana ataanza kuuogopa usingizi. Ukirudi na akageuza uso, usimnyakue wala usinune. Kaa sakafuni karibu naye, ucheze na kitu chake, umwache aje. Na siku ya kugandwa, mwache aingie bafuni.

*Shikamoo Mama. Nimekulia kwa baba ambaye hatukujua ataingia na sura gani. Angeweza kukubeba begani, na dakika hiyo hiyo akakuvua mkanda. Nina miaka 34. Nikimpata anayenipenda kwa dhati, mwanzo ni raha tupu, kisha naanza kuona kasoro zake, usingizi unanipotea akilala karibu yangu, mwisho namkaushia. Akiondoka namlilia kama msiba. Mchumba wangu sasa ana mimba ya miezi mitatu. Naogopa nitamfanyia mtoto niliyofanyiwa.*
*Mtoto wa Mkanda*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikairudia.

Mary Main na Judith Solomon, katika miaka ya 1980, waliwatazama upya watoto ambao jaribio la Ainsworth halikujua liwaweke wapi. Walikuta mtoto anayemwendea mzazi huku amegeuza kichwa, mtoto aliyeganda katikati ya chumba mikono ikiwa hewani, mtoto aliyeanza kukimbia kwenda kwa mama kisha akaanguka chini. Waliuita mfungamano uliovurugika. Maelezo ambayo Main na wenzake waliyatoa ni mafupi na yanauma: anayepaswa kukimbiliwa ndiye anayetisha, na mtoto hawezi kumwendea na kumkimbia kwa wakati mmoja. Wewe ungali ukifanya yote mawili. Mchumba akiwa mbali unamtaka, akisogea mwili unakumbuka kwamba begani pa baba palikuwa jirani na mkanda. Kasoro zake unazoziona ghafla, zichunguze zimekuja lini. Mara nyingi zitakuwa zimekuja baada ya siku nzuri.

Kuhusu mtoto, nikupe lililonipa mimi matumaini katika kazi hii. Main na wenzake walitengeneza mahojiano ya kuwauliza watu wazima juu ya utoto wao, na walichokipima hakikuwa ulitendwa nini. Walipima unavyosimulia: kama simulizi linashikamana, kama unaweza kusema liliumiza bila kulifuta na bila kuzama ndani yake. Kisha Peter Fonagy, Howard na Miriam Steele, mjini London, waliwahoji hivyo akina mama wakiwa bado wajawazito, na mwaka 1991 wakachapisha kwamba kwa takriban robo tatu yao mahojiano yalikuwa yamebashiri kama mtoto atakuwa na mfungamano salama au la akitimiza mwaka. Katika mahojiano haya wapo watu waliopigwa na kutelekezwa ambao husimulia kwa utulivu na ukweli, nao huhesabiwa pamoja na wenye usalama. Baba yako hubadilishi. Simulizi bado linaandikwa.

Wewe umeshaanza. Mistari yako michache haikumtetea baba wala haikumfanya shetani. Imesema bega na imesema mkanda. Endelea hivyo na mnasihi au mwanasaikolojia mwenye uzoefu wa majeraha ya utotoni, polepole, kwa sababu kuyafungua yote kwa mara moja peke yako kunaweza kukuzidi. Na mchumba wako aambiwe. Si lazima kila kitu, ila ajue kwamba ukijitenga baada ya siku nzuri, si yeye aliyekosea, na kwamba utamwambia badala ya kumkaushia.

Mtoto hatahitaji baba asiyekosea. Edward Tronick, aliyechunguza akina mama na wachanga wakitazamana uso kwa uso, alikuta kwamba hata wanaopendana vizuri huwa wamepatana kwa sehemu ndogo tu ya muda, takriban asilimia 30. Muda mwingine wanapishana na kurekebisha. Baba yako hakurekebisha. Wewe siku utakayopaza sauti mtoto akashtuka, toka chumbani ukihitaji, mwachie mama yake, upumue, kisha rudi umbebe na umwambie ulimtisha na hakuwa na kosa. Mwambie hata kama bado hajui kuongea. Na mnasihi mtafute mwezi huu huu, maana mtoto akishafika usiku wenu utakuwa mfupi, na kazi hii inahitaji mtu aliyelala.