Jibu: Zaidi ya mgomo, chama kina nini?
Ndugu, umeuliza chama cha wafanyakazi kifanye nini zaidi ya kugoma, uchumi ukidorora na watu wakikaribia kupunguzwa kazini. Tazama Ujerumani, mwaka 1993. Ajira takriban 30,000 za kampuni ya magari ya Volkswagen zilikuwa hatarini. IG Metall, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma na magari, kilikubali wiki ya kazi ishuke kutoka saa 36 hadi 28.8, na kampuni ikaahidi kutomwachisha mtu kazi kwa miaka miwili. Mapato ya mwaka yalipungua, ndiyo. Lakini malipo ya ziada ya mwaka yaligawanywa kwenye miezi ili mshahara wa mwezi usishuke, na kwa mwenye kodi ya nyumba hilo ni jambo kubwa mno! Mimi naliunga mkono kabisa. Ila nguvu ya IG Metall pale ilikuwa wingi wa wanachama. Kwenu, wangapi wamejiunga?